Mbolea Imepata Daftari, Udongo Bado

Tarehe 8 Agosti 2022, kilele cha Nane Nane, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Mbeya mpango wa ruzuku ya mbolea uliotengewa shilingi bilioni 150. Mwaka ulikuwa mgumu. Vita vya Urusi na Ukraine vilikuwa vimepaisha bei duniani kote, na mfuko wa kilo 50 wa Urea au DAP ulishavuka shilingi 120,000. Kwa mkulima wa ekari mbili za mahindi, bei hiyo ilikuwa sawa na kuambiwa apande bila mbolea. Ruzuku ikaushusha mfuko huo hadi shilingi 70,000.

Bei ndiyo iliyotangazwa sana, lakini mabadiliko yatakayodumu yako kwenye daftari la kidijitali lililokuja pamoja nayo. Mkulima huandikishwa kijijini kwake, hutaja ukubwa wa shamba na mazao anayolima, kisha hupewa namba. Akifika kwa wakala, namba hiyo huonyesha anastahili mbolea kiasi gani, na mauzo huingia kwenye mfumo wa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA). Wanaozikumbuka vocha za karatasi zilizoanza mwaka 2008 wanajua thamani ya hatua hii. Vocha zilipita mikono mingi kabla ya kumfikia mlengwa, na nyingine ziliishia njiani. Mfumo mpya nao haukuanza bila shida: msimu wa kwanza ulikuwa na foleni, mawakala walikuwa wachache, na wapo waliosafiri hadi mjini kufuata mifuko miwili. Hata hivyo msingi umewekwa. Rwanda ilitangulia njia hiyo mwaka 2017 kwa mfumo wa Smart Nkunganire, ambao mkulima huutumia hata kwa simu ya kitochi.

Sasa daftari linamjua mkulima, kijiji chake, ekari zake na zao lake. Kitu ambacho halikijui ni udongo wake, na hapo ndipo fedha za ruzuku zinapoweza kupotea bila mtu yeyote kuiba.

Hesabu yenyewe haina ubishi. Tani moja ya punje za mahindi huondoka shambani na naitrojeni ya takriban kilo 15. Mfuko mmoja wa Urea una naitrojeni kilo 23, na sehemu yake hupotelea hewani au husombwa na maji kabla mmea haujaifikia. Wastani wa mavuno ya mahindi Tanzania ni kama tani moja na nusu hadi mbili kwa hekta, ilhali mbegu bora zilizopo madukani zinaweza kutoa tani tano na zaidi. Mbolea ya viwandani inahitajika. Viongozi wa Afrika waliokutana Abuja mwaka 2006 waliazimia kupandisha matumizi kutoka kilo 8 za virutubisho kwa hekta hadi kilo 50 ifikapo 2015, lengo ambalo halikufikiwa. Walipokutana Nairobi Mei 2024, mkutano wao ulibeba afya ya udongo katika jina lake, pamoja na mbolea. Ni badiliko lililochelewa, lakini ni la maana.

Wakulima walilisema jambo hili la udongo mapema. Malalamiko kwamba mbolea ya chumvichumvi inachosha ardhi ni ya siku nyingi, na mabwana shamba wengi waliyachukulia kuwa ukaidi. Kikemia, wakulima wana hoja. Mbolea zenye amonia, na zile zinazogeuka kuwa amonia udongoni kama Urea, huachia asidi pale bakteria wanapozibadili kuwa naitreti. Msimu mmoja hauonyeshi kitu. Miaka ishirini ya mbolea ileile na zao lilelile, mabua yakichomwa au kulishwa mifugo, hushusha pH, yaani udongo huzidi kuwa na asidi. pH ikipungua chini ya 5.5, alumini iliyotulia ndani ya mfinyanzi huanza kuyeyuka na kudumaza mizizi, huku fosforasi ikinaswa isifyonzwe. Mahindi machanga hugeuka zambarau. Mkulima akiiona rangi hiyo huongeza DAP, kwa sababu amefundishwa kwamba zambarau ni njaa ya fosforasi. Amefundishwa sawasawa. Tatizo ni kwamba anaiongeza kwenye udongo unaoifungia.

Magharibi mwa Kenya, katika kaunti kama Kakamega, Uasin Gishu na Trans Nzoia, udongo wenye asidi umeenea, na DAP imekuwa mbolea ya kupandia kwa miongo mingi. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, yaani jiwe la chokaa lililosagwa. Haina mvuto wa mbolea. Haikijanishi majani ndani ya wiki mbili, hutakiwa kuchanganywa na udongo mapema kabla ya kupanda, na shamba lenye asidi kali huweza kuhitaji tani nzima au zaidi kwa ekari. Jiwe lenyewe si ghali. Gharama iko kwenye lori. Sera inayochangia mfuko wa DAP bila kugusa usafiri wa chokaa inamsukuma mkulima wa udongo wa aina hiyo kulikuza tatizo lake kwa fedha za umma.

Ethiopia ilijaribu kulitatua tatizo la kutoujua udongo kwa ukubwa wa nchi nzima. Kwa miongo mingi wakulima wake walipata DAP na Urea tu, iwe mlimani au bondeni. Kuanzia mwaka 2012, mradi wa EthioSIS ulikusanya sampuli nchini kote na kuchora ramani za virutubisho, na ramani zikaonyesha upungufu wa salfa, boroni, zinki na kwingine potasi. Serikali ikaiacha DAP na kuleta mbolea zenye salfa na michanganyiko ya virutubisho vingine. Huo ni ujasiri unaostahili heshima. Lakini majaribio ya mashambani yaliyofuata hayakuonyesha kila mahali kwamba michanganyiko hiyo inazidi mbolea ya kawaida yenye naitrojeni, fosforasi na salfa. Ramani hukisia, shamba ndilo linalothibitisha, na vyote viwili vinahitaji bajeti.

India ina funzo jingine. Mwaka 2015 ilianza kuwagawia wakulima Kadi ya Afya ya Udongo yenye vipimo 12, na kadi zaidi ya milioni 200 zimetolewa. Sampuli moja iliwakilisha hekta 2.5 kwenye kilimo cha umwagiliaji na hekta 10 kwenye kilimo cha mvua, kwa hiyo majirani kadhaa walipewa majibu ya udongo mmoja. Zaidi ya hapo, ruzuku iliifanya Urea kuwa rahisi mno kuliko mbolea za fosforasi na potasi. Kadi inapomwambia mkulima apunguze Urea na bei ikamwambia aongeze, husikiliza bei.

Na pH ikishanyooshwa, bado kuna suala la mboji. Katika kituo cha utafiti cha Kabete, pembezoni mwa Nairobi, jaribio la mahindi na maharage limeendelea tangu mwaka 1976. Vipande vya shamba vimepewa mbolea ya viwandani peke yake, samadi peke yake, mabua peke yake, mchanganyiko wa vyote, au havikupewa kitu. Kaboni ya udongo, ambayo ndiyo kipimo cha mboji, ilishuka kote, ila ilishuka polepole zaidi pale samadi, mabua na mbolea ya viwandani vilipotumika pamoja, na hapo ndipo mavuno yalipostahimili. Mbolea ya viwandani peke yake haikuweza kuyashikilia mavuno miaka yote hiyo.

Samadi haimtoshi kila mtu, hasa asiye na ng'ombe. Wakulima wa Babati, Karatu na Kondoa wana jibu lao: mbaazi katikati ya mahindi. Mizizi yake huzama chini sana, bakteria waliomo kwenye vinundu vyake hunasa naitrojeni ya hewani, na majani yanayopukutika hurutubisha ardhi bila kununuliwa. Lakini mbaazi hulimwa zaidi kwa ajili ya kuuzwa, na mnunuzi mkuu ni India. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa kuziagiza, bei nchini Tanzania ikaanguka hadi shilingi mia chache kwa kilo, na wakulima wakavunjika moyo. Uamuzi wa New Delhi uliingia hadi kwenye udongo wa Manyara. Ndiyo maana stakabadhi ghalani na minada ya Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), ambako mbaazi sasa huuzwa, inapaswa kutazamwa kama sehemu ya sera ya udongo pia. Mkulima mwenye uhakika wa bei hupanda mbaazi. Asiye na uhakika hurudi kwenye mahindi matupu.

Vipimo vyenyewe havipo mbali tena. Wizara ya Kilimo imegawa kwa halmashauri vifaa vya kupimia udongo vinavyobebeka. Aina inayotumia mwanga humulika udongo kwa miale ya infraredi na kulinganisha mwanga unaorudi na maktaba ya sampuli zilizopimwa maabara. Hukadiria vizuri kaboni na mfinyanzi, na pH kwa kiasi cha kuridhisha. Fosforasi inayopatikana kwa mmea huikadiria vibaya, na afisa ugani anayesoma tarakimu hiyo kwenye simu kama neno la mwisho anaweza kumpotosha mkulima. Busara ni kutumia kifaa kuchuja maeneo mengi, kisha kupeleka sampuli chache zenye shaka kwenye maabara kama ya TARI Mlingano, Tanga.

Hata maabara bora haiwezi kuokoa sampuli mbaya. Udongo huchukuliwa sehemu 15 hadi 20, mtu akitembea kwa kukata kona shambani, kina cha sentimita 20, na kuepuka vichuguu, njia, na mahali mifugo ilipolala. Huchanganywa kwenye ndoo ya plastiki, kwa sababu ndoo ya bati huongeza zinki kwenye majibu. Nusu kilo yatosha, ikaushwe kivulini. Kijana yeyote wa kijiji anaweza kufundishwa kazi hii kwa siku moja na kulipwa kwa kila sampuli.

Majibu yakiandikwa kando ya namba ya mkulima katika daftari lililokwishajengwa, wakala wa Mbozi au Songea ataona kwenye simu yake kwamba shamba hili linahitaji chokaa kabla ya DAP, na ruzuku itaweza kumfuata mkulima kwa kile anachokosa. Katika Nyanda za Juu Kusini muda wa kuchukua sampuli ni baada ya mavuno, kati ya Julai na Septemba, ili chokaa ifike na kuchanganywa na udongo kabla mvua za Novemba hazijaanza.