Jiko Lisilo na Moto

Msomaji mmoja wa Tanga ameniandikia swali nililolala nalo wiki nzima. Kila asubuhi hugeuka njiani kurudi kutazama kama amezima jiko la gesi, mara tano, mara sita, hadi anachelewa kazini. Anauliza: daktari atapimaje jambo ninalolifanya peke yangu, jikoni kwangu?

Kipimo kinachotumika sana kwa ugonjwa huu wa kushuku na kurudia, Y-BOCS, kilichochapishwa 1989 na Wayne Goodman na wenzake huko Marekani, ni maswali 10 yenye alama 0 hadi 40. Kinategemea mdomo wa mgonjwa. Ukimpeleka kwenye jiko la hospitali, huenda hofu isimjie kabisa, maana jengo likiungua si dhamana yake.

Ndiyo sababu ya miwani ya uhalisia pepe. Mwaka 2008 watafiti wa Korea Kusini waliwaingiza wagonjwa 33 na watu 30 wenye afya njema katika makazi ya kompyuta. Wagonjwa walishikwa na hofu zaidi. Katika vipimo vya namna hii mashine huhesabu mtu amerudi mara ngapi na amekaa akihakikisha kwa muda gani.

Neno "pepe" tumelizoea kwenye barua pepe, lakini mkulima wa mpunga analijua kwa maana nyingine: punje yenye ganda bila kiini, ile inayoruka ukipepeta. Nalipenda kwa hilo. Ila kwa ugonjwa wenyewe nakataa neno la kubuni, kwa kuwa tunalo wasiwasi. Kwa Kiarabu asili yake ni mnong'ono, na ndilo tunalomwitia mtu anayerudia udhu akishuku maji hayakuenea. Tumelilegeza hata anayesubiri matokeo ya mtihani naye ana wasiwasi. Hapa nalikaza tena.

Sasa kile kilichoninyima usingizi. Mwaka 2003, kule Uholanzi, Marcel van den Hout na Merel Kindt waliwapa watu wasio na ugonjwa wowote jiko la gesi la kwenye kompyuta: washa, zima, hakikisha. Kundi moja lilirudia jiko mara 20. Jingine lilirudia taa, kisha likarejea jikoni mwishoni. Wote wakaulizwa ni vichomeo vipi walivyovihakikisha mara ya mwisho. Usahihi wa majibu ulilingana. Lakini waliorudia jiko walisema kumbukumbu yao haina sura, haina undani, wala hawaiamini.

Chukua kanga mpya. Siku ya kwanza wekundu wa mji wake unakuita toka ng'ambo ya barabara. Ifue mara ishirini. Jina bado linasomeka, hakuna herufi iliyodondoka, ila wekundu umepauka na pindo limefifia. Mwenye wasiwasi haamini jina, anaamini rangi. Akiona imepauka hushuku kama kweli ni kanga yake, na dawa anayoijua ni kuirudisha majini. Kila anapoifua ili rangi irudi, ndivyo inavyozidi kutoka, naye anazidi kuisugua. Ndivyo akili inavyofanya kwa jambo lililozoeleka: huacha kushika mlio wa gesi ikikatika na baridi ya chuma kidoleni, ikabakiza neno moja tu, nimezima. Neno hilo ni la kweli, lakini halina rangi.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Tanga, kumbukumbu yako inaweza kuwa nzima kabisa. Kurudi kwako ndiko kunakoifua.

Makundi yaliyopimwa kwa miwani bado ni madogo, na miwani haijachukua nafasi ya daktari. Lakini kama unadhani jiko pepe limewadanganya Waholanzi, mwaka 2006 Adam Radomsky na wenzake huko Montreal waliweka jiko la kweli. Kundi moja lilirudia jiko, jingine likarudia bomba la maji. Wa bomba waliendelea kuliona jiko wazi akilini. Wa jiko liliwapauka.