Jaba Kwa Shavu, Dawa Kwa Tumbo: Mbona Kidonda Chako Kinachelewa Kupona?

Picha ni hii. Umeanguka na nduthi hapo Makutano, Meru, ama umeng'olewa jino Embu town. Daktari amekumaliza, akakupea antibayotiki. Jioni unapata maboyz kwa base na gomba fresh ya Maua, ama muguka imetoka Mbeere saa hii. Unajiambia, "Si dawa nimemeza? Wacha nitafune kidogo tu."

Tulia kwanza, msee. Hiyo jani na hiyo dawa ziko na story.

Anza na shavu. Ngozi ya ndani ya mdomo ni nyembamba, na mishipa ya damu iko hapo tu chini. Ukitafuna polepole na tonge likae shavuni, kathinoni, ile kemikali inakupea handas, inatoka kwa jani na sehemu kubwa inapita hapo hapo hadi kwa damu. Haingojei tumbo. Chingamu ya nikotini hutumia njia hiyo hiyo. Wazee wa Nyambene waliijua kitambo. Na kwa sababu kathinoni hupotea jani likikauka, gomba hufungwa na majani ya ndizi, na zile Hilux za Maua hupaa hivyo unavyoziona.

Sasa ngori iko hapa. Jani pia liko na tanini, ile kitu inafanya mdomo ushikwe na ukakasi. Ukimeza mate, tanini inashuka tumboni na kupatana na dawa yako. Utafiti wa Yemen uliochapishwa 1997 ulipima hii maneno. Watu walimeza ampisilini wakiwa kwa jaba, na dawa iliyofika kwa damu ikapungua. Walipoimeza masaa mawili baada ya kumaliza kutafuna, haikupungua. Amoksilini ilijikaza zaidi: ilipungua tu ikimezwa katikati ya kutafuna. Yaani umemeza tembe nzima, mwili umepata kipande.

Na kidonda chenyewe? Kidonda hupona na damu. Damu ndiyo huleta oksijeni na chakula cha kujenga nyama mpya. Kathinoni hubana mishipa ya damu, inaua njaa na inafukuza usingizi. Mwili unataka mayai, ndengu na kulala, wewe unaupea njugu na soda mpaka asubuhi.

Kwa jino ni noma zaidi. Damu iliyoganda kwa shimo ndiyo plasta yako. Ukitafuna inaweza kung'oka, mfupa ubaki wazi, na uchungu wake utajua hujui.

Usiskie vibaya, hii si ile vita ya 2024, wakati Mombasa ilipiga muguka marufuku na korti ya Embu ikasimamisha hiyo amri. Jaba inalipa fees huku, tunajua. Tunaongea tu kuhusu hizi siku chache uko na kidonda.

So fanya hivi: ambia daktari ukweli kwamba hutafuna. Hatakushtaki kwa mathako, anataka tu kujua dawa itafika. Maliza dozi yote, hata ukijiskia poa. Na hiyo wiki, pitia base uwasalimie tu. Gomba itakuwa Maua hata ukipona.