Mwamba ukigeuka mweupe haujafa

Marehemu babu yangu, mvuvi, matumbawe akiyaita mawe, nami nikakua nikiamini hivyo. Kumbe ni wanyama, wadogo mno, na ndani ya miili yao huishi mwani unaowalisha na kuwapa rangi. Maji yakizidi joto la kawaida la kaskazi kwa digrii moja tu, wiki baada ya wiki, tumbawe huutema ule mwani likabaki jeupe pe. Hapo halijafa, lina njaa. Joto likishuka mapema hupona. Likiendelea, ndipo linapokufa.

Mwaka 1998 joto la El Niño liliua sehemu kubwa ya matumbawe yetu. Mwaka 2016 na 2024 yakageuka meupe tena.

Wavuvi huniuliza wale wapiga mbizi wenye futi kamba wanapima nini. Hutandaza kamba juu ya mwamba, wakaandika kila kilicho chini yake: tumbawe hai, lililokufa, mwani, mchanga. Samaki pia huwahesabu, na hapo ndipo panapotuhusu. Kikande hula vile vijidude vya miiba vinavyotuchoma nyayo bamvua. Tukimmaliza kikande, miiba huzidi, ikauguguna mwamba.

Joto hatukulileta sisi wa mitumbwi. Lakini nyavu za kukokota ni zetu. Kuruwitu, wenyewe walifunga kipande cha bahari yao, na samaki wakarudi.

Kinachoniudhi ni hesabu kuondoka na wenyewe, zikaandikwa kwa lugha asiyoisoma mzee wa BMU. Wakishapima, na waje dikoni watusomee majibu.