Bando likiishia kwenye katuni, homa ya mtoto haisubiri

Arusha. Ni saa tatu usiku katika nyumba moja iliyo nyuma ya migomba ya Makumira, si mbali na barabara kuu ya Arusha–Moshi. Mtoto wa miaka mitatu ana homa, na vipele vimemtoka kifuani. Mama yake anampigia dada yake, muuguzi aliyeko Moshi, ambaye anamwomba apige picha amtumie. Picha inagoma kwenda. Bando la wiki alilojiunga juzi limekwisha.

Hakuna aliyeliiba. Mchana mtoto alipewa simu atulie wakati mama anafua. YouTube ikiachwa hucheza video inayofuata yenyewe, basi katuni moja ikaleta nyingine, saa tatu zikapita.

Malalamiko kwamba data zinaisha kiajabu yapo kila mahali, kuanzia vijiwe vya bodaboda hadi soko la Tengeru, na hayakuanza leo. Aprili 2021, bei mpya za vifurushi zilizua kelele nchi nzima hadi zikasitishwa. Wapo wanaoapa kwamba kiswaswadu ndiyo simu: kinakaa na chaji siku kadhaa na mtoto hakitamani. Lakini ni Tecno, itel na Infinix za Android ndizo zenye kundi la kikoba, matangazo ya shule na picha ya kadi ya kliniki. Kurudi nyuma si rahisi.

Mzazi anachoweza kukipunguza ni ulaji wenyewe. Video ya ubora wa 720p inaweza kumaliza GB 1 au zaidi kwa saa moja. Ileile ikishushwa hadi 144p, kwa kawaida haifiki hata MB 100. Mtoto wa miaka mitatu, kwenye kioo kidogo, hajali tofauti hiyo. Ndani ya mipangilio ya Android kuna Kiokoa Data, kinachozuia programu kula bando kimyakimya. WhatsApp nayo izuiwe kupakua yenyewe kila video ya kundi la ukoo, maana makundi hayo hayana huruma.

Ila bei rahisi isiwe ruhusa ya kutazama kutwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa Aprili 2019 unasema mtoto wa mwaka mmoja hapaswi kukaa mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Wa miaka mitatu na minne anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi, pamoja na ule wa mchana. Kucheza nje, kwenye mwanga wa jua, kunasaidia pia kupunguza hatari ya kutoona mbali anapokua.

Hapo ndipo mfuko na afya vinapokutana. Mzazi akizima uchezaji wa kujiendesha, kisha akapakua katuni mbili fupi na kuzima data kabla ya kumpa mtoto simu, katuni zikiisha zimeisha. Hakuna wa kubembelezana naye.

Kuhusu homa, zipo dalili zisizohitaji picha wala ushauri wa WhatsApp: degedege, kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, au kulegea na kuwa mgumu kuamka. Mtoto apelekwe kituo cha afya usiku huohuo. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure, hata kwenye kiswaswadu.

Mama wa Makumira alikuwa amebakiwa na dakika za kupiga. Dada yake alimuuliza maswali kwa sauti, akamwambia asingoje asubuhi, na bodaboda ya jirani ikaitwa. Mtoto alipona. Siku hizi anapewa katuni mbili, na ya pili ikiisha hulia kidogo, kisha hutoka nje kufukuza kuku.