Ndai Haipick? Wacha Kununua Spea Kama Mse Amelogwa

Hakuna kitu huchoma picha kama kupitwa na lori ya kabeji. Uko Kinungi, unatoka Naivasha, umekanyaga mafuta mpaka kwa kapeti, na ndai inalia tu. Dereva wa lori anakucheki na huruma. Dem ameweka simu chini, anaangalia dirishani. Kwisha wewe.

Ukifika mtaani kila mse ni injinia. Beshte anasema ni plagi. Chali wa carwash ameapa ni gearbox. Na mzae wa ploti, yule alikuwanga na Peugeot 504, anatoa kijiti mdomoni na kutangaza: "Osha kabureta." Guka, hii ni Fielder. Kabureta haijawahi ingia humo ndani hata kusalimia. Lakini unaitikia tu. Rent ni yake.

Rada ni hii: anza na stima. Injini za siku hizi zinaongozwa na kompyuta, na waya mmoja ukiidanganya, inakunyima nguvu. Ukianza kubahatisha, utalia. Leo plagi, kesho pampu, Ijumaa sensa. Mwisho wa mwezi umebadilisha nusu ya gari na bado haipick. Multimita ya kawaida haifiki bei ya raba safi za Gikomba. Nunua, ringa nayo.

Betri kwanza. Gari ikiwa imezimwa na imetulia, isome kama volti 12.6. Washa, ipande mpaka 13.8 hadi 14.5 hivi. Ikikwama kwa 12 na kitu, oltaneta imelala. Na hapa naongea na wewe mwenye Vitz ya woofer mbili na mataa za blue chini. Hiyo oltaneta haikuambiwa itahost disco. Volti zikishuka, pampu ya mafuta inachoka, koili zinatoa cheche za kuomba msamaha. Bass inagonga, injini haigongi. Chagua side.

Volti ziko fiti? Cheki athi, na hapa ndio wasee wengi hulengea. Ni ule waya mnene unatoka negative ya betri kwenda kwa bodi na injini. Seti multimita kwa volti za DC. Probu nyekundu kwa bloku ya injini, mahali chuma iko wazi. Nyeusi kwa negative ya betri, kwa chuma yenyewe ya betri. Injini inanguruma, mataa full, AC inapuliza. Chini ya 0.2, lala poa. Ikisoma nusu volti, umeshika mwizi. Zima, toa terminal ya negative, fungua nati ya athi. Utapata unga wa kijani, ama rangi: mse wa panel beating alipuliza kila kitu, akafunga waya juu ya rangi bila aibu. Piga msasa mpaka ing'are, kaza. Sensa kibao zinategemea athi kupima. Ikiharibika, zinapelekea kompyuta story za jaba, na kompyuta, mtoto wa wenyewe, inaamini zote.

Ndai ikimiss, yaani inatetemeka ukikanyagia, chomeka skana ya OBD. P0301 maana yake silinda ya kwanza haichomi. Usikimbie Kirinyaga Road bado. Hamisha koili ya kwanza kwa silinda ya pili, futa hiyo code kwa skana, piga raundi. Ikirudi P0302, koili imekufa. Ikibaki P0301, koili haina makosa. Cheki plagi, injekta na waya. Doh umetumia? Zero. Lakini taa ya check engine ikianza kublink, punguza mguu na upaki, kwa sababu petroli haijachomwa inaenda kuchoma katalisti, na hiyo bei hutaki kuisikia.

Na hii tabia ya kuosha injini na presha ndio ing'are kwa status? Maji yanaingia kwa mashimo ya koili, unatoka carwash ukiwa msafi na unamiss. Filta za hewa za spoti, zile za kupakwa mafuta, same script: mafuta yakizidi yanaweza paka sensa ya hewa, inapima vibaya, ndai inazubaa. Umelipa extra ndio uende polepole.

Siku ingine pedali itakataa kabisa, gari haitaki kupita speed ya tuktuk. Hiyo ni limp mode. Pedali iko na sensa mbili. Zikipingana, kompyuta inafunga throttle kukuokoa. Chomoa soketi ya pedali, angalia kutu, rudisha mpaka isikike "tak". Mzae amepita tena. "Kabureta?" Eeh, guka, tunaosha.

Fundi akisema kompyuta imeungua, mwambie akuonyeshe volti na athi kwanza. Hiyo kompyuta, yaani ECU, ya mkono wa pili ni pesa mob, na ikiwa ndai iko na imobilaiza, inaweza kataa funguo yako ukae hapo na gari safi isiyowaka. Akianza risto ya vile alifufua Pajero ya mheshimiwa, funga boneti, chukua multimita yako, ishia.