Pesa ya Bima Ikiingia, Je, Inakatwa Kodi?



Kwenye chanjo na visimani, swali moja hurudi kila msimu: "Daktari, bima ikinilipa, serikali haitachukua sehemu yake?" Kuna waliokataa kujiandikisha kwa hofu hiyo. Kuna pia waliotuma "kodi" kwa mtu aliyewapigia simu akidai pesa yao imekwama. Soma karatasi hii, na umsomee jirani asiyejua kusoma.

1. Angalia kwanza ulichopoteza

Kodi ya mapato hutozwa faida. Ukipoteza mali ukalipwa thamani yake, umerudishiwa tu kilichokuwa chako. Lakini ukilipwa badala ya faida ambayo ungepata, sheria ya kodi ya mapato ya Kenya huihesabu pesa hiyo kuwa mapato ya mwaka ulioipokea. Kwa hivyo jibu hutegemea kilichopotea.

2. Nyumba iliyoungua au kubebwa na maji

Familia nyingi sasa zina nyumba ya mabati au ya mawe kituoni, na nyingine zimekatiwa bima kwa sababu ya mkopo. Fidia ya nyumba si mshahara. Ila kuna kodi nyingine, ile ya faida inayotokana na kuuza au kuhamisha ardhi na majengo. Tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida, si ya pesa yote uliyopokea.

Jengo likiharibika, sheria hulihesabu kama mali iliyohamishwa, isipokuwa pesa ya fidia itumike kulijenga tena pale pale, kwa namna ile ile, katika muda wa mwaka mmoja. Ukiona mwaka unakwisha na fundi hajamaliza, iombe KRA muda zaidi mapema.

Nyumba ambayo mwenyewe ameishi ndani yake miaka 3 mfululizo imesamehewa kodi hiyo. Basi anayepaswa kuwa macho zaidi ni mwenye duka au nyumba za kupangisha. Bima ikimlipa pia pesa za wapangaji alizozikosa, sehemu hiyo ni mapato.

3. Bima ya ukame ya mifugo

Bima hii ilianza Marsabit mwaka 2010. Setilaiti hupima ukijani wa malisho. Malisho yakishuka chini ya kiwango cha mkataba, waliojiandikisha katika eneo hilo hulipwa, na hakuna anayekuja kuhesabu mizoga. Nia yake ni ununue nyasi, maji na dawa mnyama angali hai. Mnyama akifa kwa ugonjwa wakati malisho yapo, bima hii hailipi.

Tufanye hesabu. Mpango wa serikali ulioanza 2015 katika Turkana na Wajir ulikatia kila kaya iliyochaguliwa bima ya uniti 5 za mifugo. Ng'ombe mmoja ni uniti 1, na mbuzi au kondoo 10 ni uniti 1. Malipo ya juu yalikuwa KSh 14,000 kwa uniti kwa mwaka, yaani KSh 70,000 kwa kaya.

Tuseme pesa yote hiyo ihesabiwe kuwa mapato. Tuseme pia mwaka huo uliuza mbuzi 10 kwa KSh 8,000 kila mmoja, na huna mapato mengine.

- Bima: KSh 70,000
- Mbuzi: KSh 80,000
- Jumla: KSh 150,000
- Kodi ya asilimia 10: KSh 15,000
- Punguzo la kila mkazi kwa mwaka: KSh 28,800

Punguzo ni kubwa kuliko kodi, kwa hivyo hulipi kitu. Kwa viwango vilivyoanza Januari 2021, mwenye mapato yasiyozidi KSh 288,000 kwa mwaka hafikii kulipa kodi ya mapato. Kaya nyingi za wafugaji ziko chini ya hapo.

4. Ukiwa mchuuzi wa mifugo

Anayenunua ng'ombe ili kuuza tena, wanyama wale ni bidhaa yake. Bima ya wanyama hao huingia kwenye hesabu ya biashara kama mauzo. Naye ana haki ya kutoa bei aliyonunulia, usafiri na ada ya bima. Bila risiti hutaweza kuonyesha gharama hizo.

5. Usisahau PIN

Wengi wenu mlichukua PIN ya KRA mliponunua ploti, kisha mkaisahau. Mwenye PIN hujaza fomu kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni, hata kama kodi ni sifuri. Kuchelewa kuna faini ya KSh 2,000 au zaidi. Mtoto aliyesoma, au wahudumu wa Huduma Centre, wanaweza kukusaidia kuijaza.

6. Akikupigia mtu akitaka kodi kwanza

Kata simu. Kodi ya mapato huhesabiwa baada ya mwaka kwisha, na hulipwa KRA kwa nambari inayotolewa na mfumo wao. Haitumwi kwenye simu ya mtu binafsi ili bima yako "ifunguliwe". Ripoti nambari hiyo kwa chifu na kwa wakala aliyekuandikisha, na uwaambie majirani siku hiyo hiyo, maana atawapigia na wao.

7. Weka hivi pamoja, mahali pakavu

- Mkataba wa bima na risiti ya ada
- Ujumbe wa simu au karatasi ya benki inayoonyesha malipo
- Picha za nyumba kabla na baada ya kuharibika
- Risiti za mabati, saruji na fundi, zenye tarehe
- Daftari la mifugo uliyouza, na bei

Malipo ya ukame yakiingia, nunua lishe ya majike na ndama wiki hiyo hiyo, kabla bei ya nyasi haijapanda. Usiikalie pesa ukingoja mtu aje kuikata.

Afisa wa Mifugo, Huduma za Nyanjani