Daraja la Selander: Lilijengwa kwa wachache, likaja kubeba jiji

KWA wakazi wengi wa Dar es Salaam, Selander ni jina la foleni kabla ya kuwa jina la mtu. Wengine hulitamka "Salenda", na wachache tu hujiuliza limetoka wapi.

Daraja hilo lilijengwa mwaka 1929 na kupewa jina la John Einar Selander, mkurugenzi wa kwanza wa kazi za umma wa Tanganyika chini ya utawala wa Waingereza. Linavuka mlango wa Mto Msimbazi, pale maji ya mto yanapokutana na ya bahari kando ya mikoko, yakijaa na kupwa kila siku.

Ikumbukwe kwamba wakati huo mji ulikuwa umegawanywa kwa rangi za watu. Wazungu waliishi Uzunguni, upande wa bahari. Wahindi walikaa Uhindini, katikati. Waafrika wakapangiwa Kariakoo, ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja. Kaskazini mwa mto kulikuwa na pwani yenye upepo mzuri, lakini kuifikia kulikuwa na taabu. Daraja likaondoa taabu hiyo, na Oysterbay ikawa makazi ya maofisa wa Kizungu. Halikujengwa kwa ajili ya umma mpana, na upana wake ulionyesha hivyo.

Baada ya Uhuru mwaka 1961, jiji lilizidi kusonga kaskazini: Msasani, Mikocheni, Mwenge, Kawe, hadi Tegeta. Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu watu takribani 843,000 katika mkoa mzima. Ile ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3. Katikati ya safari hiyo, mwaka 1980, Serikali ya Japani ilifadhili upanuzi wa daraja kutoka njia mbili hadi nne. Nafuu ilipatikana, ingawa magari hayakuacha kuongezeka.

Hata hivyo, si haki kulilaumu daraja peke yake. Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu, ukapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani kabla ya kuingia baharini. Mvua kubwa zinaponyesha, maji hufunika Barabara ya Morogoro pale Jangwani, nayo hufungwa. Ndivyo ilivyokuwa Desemba 2011, katika mafuriko yaliyoua makumi ya watu. Njia hiyo ikikatika, magari hutafuta pa kuvukia kwingine, na sehemu yake huishia Selander. Kwa hiyo foleni inayoonekana karibu na bahari huenda ilianzia kilomita kadhaa juu ya mto, kwenye bonde ambako watu wanahamisha magodoro yao juu ya mapaa.

Jibu la Serikali kwa msongamano lilikuwa daraja la pili. Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi Desemba 2018, na kampuni ya GS Engineering ya Korea Kusini ikalijenga kwa mkopo wa nchi hiyo. Lina urefu wa mita 1,030 na njia nne, likipita ndani ya bahari kutoka Coco Beach hadi karibu na Hospitali ya Aga Khan. Lilianza kupitisha magari Februari 2022, na Rais Samia Suluhu Hassan akalizindua rasmi Machi mwaka huo. Ndilo Daraja la Tanzanite.

Limepunguza mzigo wa Selander, hilo halina ubishi. Lakini kichwa chake kimoja kimetua tena Oysterbay, na mkazi wa Kigogo anayesubiri maji yapungue hajafikiwa. Tegemeo lake ni Mradi wa Kuendeleza Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliidhinisha fedha zake mwaka 2022 na ambao unajumuisha daraja jipya, refu zaidi, pale Jangwani.